Sauti ya Mjukuu

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha tangu Mama Damari amalize sentensi yake mwenyewe. Kuanza alikuwa anaanza vizuri tu. "Nyemo, nipatie ile..." Na kabla hajaifikia ile yenyewe, sauti kutoka ukutani ilikuwa imeshamsaidia.

"Shali yako, bibi? Inakuja sasa hivi. Usiinuke."

Na kweli ilikuja. Mkono mwembamba wa chuma uliokuwa ukining'inia kwenye reli ya dari uliteleza kutoka chumbani, ukaitandaza shali mabegani mwake kwa adabu zote, ukarudi ulikotoka. Nyemo alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili, sahani ya zabibu ikiwa mapajani, akamtazama mama yake. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa kumi, na Dodoma ya mwezi huo haina mtu anayetaka shali. Lakini mama alilishika pindo, akalivuta hadi kifuani.

"Ahsante, mjukuu wangu."

"Mama, ulitaka nini hasa?" Nyemo akauliza.

Mama alifikiri. Midomo ilicheza kidogo, macho yakaenda dirishani, yakarudi. "Sijui tena. Basi. Uzee huo."

"Ni umri tu, bibi," sauti ikamuunga mkono kwa upole. "Pumzika. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Mwanamke huyu, msimu mmoja tu uliopita, alikuwa akizunguka shambani na makasi mkononi akipogolea mizabibu yake, akiwafokea vibarua waliokata tawi lisilostahili. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuna aliyeiona. Sasa miguu yake ilikuwa imelala juu ya kigoda, imevimba kidogo kwenye vifundo, na alipotaka kwenda msalani kiti chenye magurudumu kilikuja chenyewe hadi ubavuni. Shamba lilipogolewa na mashine ya ushirika. Makasi hakuna aliyejua yalipo.

"Unajua Perisi wa jirani?" mama akasema, uso ukichangamka. "Huyo wake wa ukutani hata shikamoo hamwamkii! Anamwita Perisi, kavukavu, kama wamechunga mbuzi pamoja. Nikimsikia kupitia dirishani naona aibu kwa niaba yake. Mimi wangu ananiamkia, ananipa pole, ananiita bibi. Mungu akubariki, mwanangu. Najua ni wewe uliyenipatia mwenye adabu."

Nyemo alikuwa na zabibu mdomoni. Aliitema kiganjani.

*

Watu wa Taasisi alikofanya kazi Nyemo waliita kifaa kile Mwenza. Nyumba zote za mtaa wa Mizabibuni zenye mtu wa miaka sabini na kuendelea zilikuwa zimefungiwa kimoja, kwa majaribio, na Nyemo alikuwa miongoni mwa wahandisi waliokitengeneza. Mkono wa dari ulikuwa ule ule kila nyumba. Kiti kile kile, dawa zile zile, kwa saa zile zile. Zulia lilipima mwendo wa miguu, mshikio wa kikombe ulipima nguvu ya kiganja, na kitambaa cha egemeo la kiti kilionja jasho kujua mwili una wasiwasi kiasi gani. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni namna sauti ilivyomfikiria mtu mwenye umri mkubwa.

Sauti ya kwanza waliipa jina la Mjukuu. Kwa Mjukuu, mzee ni mtu aliyekwisha kumaliza. Huamkiwa, hupewa pole, huletewa. Akisema goti linauma, huambiwa ni umri, na kiti humfuata. Sauti ya pili waliiita Jirani. Kwa Jirani, mzee ni mtu aliye katikati ya siku yake. Huulizwa leo ana mpango gani, hubishiwa, huombwa ushauri wa mapishi. Akisema goti linauma, huulizwa tangu lini, upande gani, na zahanati hupigiwa simu.

Hakuna aliyekuwa na shaka ni ipi itakayoshinda. Siku ya uzinduzi wajumbe wa baraza la jiji walimsikia Mjukuu akiwaamkia wazazi wao, na wengine walitoa leso.

"Hebu tazama," Dakta Malugu alimwambia Nyemo Jumatatu iliyofuata, akigeuza meza ya kioo ili aone vizuri. Alikuwa bosi wake, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, ila siku hiyo hakucheka. Juu ya kioo mistari miwili ilikuwa imeanza pamoja mwanzoni mwa mwaka kisha ikaachana. Mmoja ulikwenda karibu sawa, wenye vishimo hapa na pale kwa sababu watu wa Jirani walikuwa wakianguka mara mojamoja, na mmoja wao alivunjika kifundo cha mkono. Wa pili ulikuwa ukiteremka bila haraka, kila mwezi chini kidogo: mwendo, kiganja, kumbukumbu. Huo ulikuwa wa Mjukuu.

"Sikuamini," Dakta alisema. "Nimerudia hesabu mpaka nimechoka. Dawa zile zile, chakula kile kile. Maneno tu, Nyemo! Mtu anaambiwa kila siku kwamba amekwisha, kwa lugha tamu kabisa, na mwili unasikia."

Nyemo alijua mojawapo ya nyumba zilizouvuta mstari ule chini. Aliijua hadi rangi ya pazia lake.

"Dakta, nataka tumtoe mmoja kwenye Mjukuu. Leo."

"Nani?"

"Mmoja tu. Hali yake si nzuri."

Dakta Malugu alivua miwani. "Wote hali zao si nzuri, na mimi silali kwa sababu hiyo. Lakini baraza linakaa mwezi ujao. Unawajua. Wanampenda Mjukuu, wanataka aingie kila nyumba ya mkoa huu, na wanatafuta sababu moja tu ya kulitupa jaribio letu jalalani. Ukimtoa mtu sasa watauliza kwa nini. Watachimba mpaka kwenye kura. Silaha yetu ni hiyo kura, kwamba kompyuta ndiyo iliyogawa nani apate sauti gani, hakuna mkono wa mtu. Vumilia mwezi mmoja tuwaokoe wote."

Hakuna mkono wa mtu. Nyemo alitazama mikono yake mwenyewe, akaiteremsha chini ya meza.

Kura ilikuwa imempa mama yake Jirani. Nyemo ndiye aliyekuwa kwenye zamu siku ya kura, peke yake chumbani, na aliposoma matokeo alihisi kama mtu amemtukana mama yake mbele yake. Mama Damari, mke wa marehemu mchungaji, aamke asubuhi asiamkiwe? Aitwe jina lake kavu na sanduku la ukutani? Katika nyumba ya pili yake, Perisi alikuwa amepata Mjukuu. Perisi alikuwa mjane, watoto wake wametawanyika Mbeya na ng'ambo, na hapakuwa na mtu wa karibu wa kulalamika kwa niaba yake. Nyemo alibadilisha namba mbili, akafunga kompyuta, akaenda kula chakula cha mchana. Alikula vizuri tu siku ile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kila alipolikumbuka.

"Na usisahau wewe ndiye mwalimu wake," Dakta akaongeza, akijaribu kumchangamsha. "Huyu Mjukuu. Umewahi kusikia tulikoanzia?"

Nyemo alikuwa amesahau. Ili kumfundisha Mjukuu heshima, wafanyakazi walikuwa wamerekodi mazungumzo ya majumbani mwao na wazazi wao, msimu mzima. Wasikilizaji walioalikwa na Taasisi walichagua waliyoyapenda, na hayo ndiyo aliyojifunza Mjukuu. Dakta aligusa kioo, na chumba kikajaa sauti ya mwanamke mwenye mapenzi na haraka.

*Kaa, mama, usiinuke. Acha hicho kisu, utajikata. Mama, acha, nitafanya mimi. Unatafuta neno gani, ufagio? Haya, ufagio. Ni umri tu, mama, si kitu. Pumzika.*

Ilikuwa sauti yake, kabla mashine yoyote haijaingia nyumba ile. Nyuma yake, kwa mbali, mama alisikika akicheka na kusema, "Lakini naweza, Nyemo." Na Nyemo wa kwenye rekodi wala hakumjibu.

*

Hakurudi kwenye meza yake. Alichukua mkoba, akaenda Mizabibuni, na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kuingia kwa mama, alipitia shambani.

Perisi alikuwa kati ya mistari ya mizabibu, kanga imefungwa kiunoni, kiwiko kimoja kina bandeji. Alikuwa na miaka miwili zaidi ya Mama Damari. Juu ya kanga alikuwa amebana kidude kidogo cha Mwenza ili sauti imfuate hadi nje.

"Perisi, tawi hilo ni la mwaka huu," Jirani alikuwa akisema. "Usilikate."

"Nyamaza. Wewe umewahi kula zabibu?"

"Sijawahi. Lakini juzi ulikata la namna hiyo, ukalalamika mpaka ukalala."

Perisi alicheka kwa sauti, kisha akamwona mgeni. "Nyemo! Njoo unishikie hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kwako. Hivyo." Makasi yalifanya kazi yake. "Mama yako mbona amenichukia?"

"Hajakuchukia, mama."

"Mbona haji? Tulikuwa tukichambua mlenda pamoja hapa kila mara. Nikimwita kwenye uzio anasema anapumzika. Anapumzika nini mtu ambaye hajachoka?" Alihamia tawi lingine, akashusha sauti kidogo. "Huyu wangu, mwanzoni nililia, nikwambie ukweli. Nikasema, hata mashine imeniona sina watu, imeona haina haja ya kuniheshimu. Nilimfunika na sufuria. Baadaye nikamfunua ili tugombane, na tangu hapo hatujaacha. Nilipoanguka nikaumia hiki kiwiko, hakusema pole bibi, umri. Alisema, ulikanyaga wapi? Tukaenda tukapatazama. Ni bahati, mwanangu. Kura iliniangukia."

"Haikukuangukia wewe," Nyemo akasema.

Aliyatoa maneno yote pale pale, akiwa bado ameshika tawi, haraka haraka kama mtu anayetapika. Kwamba kura ya Jirani ilikuwa ya mama yake. Kwamba aliibadilisha kwa mkono wake. Kwamba Mjukuu sasa anammaliza mama polepole.

Makasi yalibaki wazi hewani. "Kwa nini?"

"Niliona haifai mama yangu asiamkiwe."

"Na mimi ikafaa."

Perisi hakuuliza, alisema tu. Nyemo aliona haya zikimpanda shingoni hadi masikioni. Angetukanwa, angalau pangekuwa na kitu cha kujitetea nacho.

"Imetokea ukanitendea wema," Perisi akasema, "lakini wewe hukukusudia wema. Wewe ulinipa kile ulichodhani ni kibaya."

"Ndiyo, mama."

"Na cha kuua ukampelekea mama yako ukidhani ni asali." Alikata tawi, akalitupa chini. "Nenda ukamwambie. Mimi nitakukasirikia nikimaliza mstari huu."

*

Kwenye lango la mama yake Nyemo alisimama akampigia Dakta Malugu. Alimweleza kwa kifupi. Upande wa pili kiti kilisikika kikisukumwa nyuma.

"Unajua sasa kitatokea nini?" Dakta akasema. "Nitalazimika kuwaambia. Watalitupa lote. Wazee wa mkoa mzima, Nyemo. Mwezi mmoja ungekaa kimya!"

"Najua."

"Ulidanganya kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa unasema ukweli kwa ajili ya mtu yule yule."

Ndivyo ilivyokuwa, na Nyemo akakata simu. Kama angenyamaza, wazee wengi wasiomjua wangeweza kuokoka, na mama yake angeteremka mwezi mwingine, huenda mpaka mahali ambapo mtu harudi. Alikuwa amejaribu njia nzima kuona kama kuna upande ambao angesimama akiwa safi. Haukuwepo. Alikuwa ameuziba mwenyewe siku ile ya kura.

Aliingia ndani. "Karibu, dada Nyemo," Mjukuu akasema. "Bibi amepumzika vizuri leo." Nyemo alipapasa nyuma ya kisanduku, akabonyeza mahali wanapopajua wahandisi tu, na taa yake ndogo ikazima.

Nyumba ikawa kimya. Mama Damari, aliyekuwa kitini pale pale alipoachwa, aligeuza kichwa kwa hofu.

"Amekwenda wapi?"

"Nimemzima, mama."

"Kakosa nini? Nyemo, mrudishe. Nikitaka maji nani..."

Nyemo karibu amalizie. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alikaa chini kwenye zulia, akaubana mdomo, akasubiri. Kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko alivyotazamia. Mama alitapatapa, akaanza upya, akapotea.

"...nani atanipa," mama akamaliza.

Basi Nyemo akamweleza. Mistari miwili, namba mbili, Perisi, Dakta. Hakujipunguzia chochote. Alisema kwamba sauti ile tamu ndiyo iliyomtoa mama shambani na kumweka kwenye kiti, na kwamba aliyeichagua ni yeye, kwa mapenzi, na kwa kiburi pia, watu wasije wakasema mama yake haheshimiwi. Kisha akaanza kulia, akakasirika kwa kulia, maana ilionekana kama anaomba abembelezwe.

Mama hakumbembeleza. Alikuwa akitazama kisanduku kilichozimika.

"Kwa hiyo si uzee."

"Uzee upo, mama. Lakini si wote huu."

"Nilijua ni wewe," mama akasema.

"Ulijua nini?"

"Yule. Sauti si yako, lakini ni wewe. Kaa, usiinuke, acha, nitafanya. Mimi mtu niliyemzaa nitashindwa kumjua?" Alizungumza polepole, na kila neno alilitafuta mwenyewe, na Nyemo alimwacha alitafute. "Nikasema, mwanangu ana kazi nyingi kule mjini. Ameona nikihangaika nitamletea matatizo. Amenitumia huyu anikalishe. Siku moja nilitaka kwenda kwa Perisi. Nilifika mlangoni kabisa. Akaniambia, bibi, ukianguka Nyemo atafanyaje? Nikarudi nikakaa."

"Mama..."

"Sikuwa nimechoka, Nyemo. Nilikaa kwa sababu nilidhani ndivyo unavyotaka. Nimekaa kwa ajili yako mpaka miguu imesahau."

Nyemo alifunika uso. Alikuwa amekuja akidhani amebeba ukweli mzito wa kumpa mama, kumbe mama alikuwa amebeba wake mwaka mzima, peke yake, bila kulalamika, ili yeye afanye kazi kwa amani.

"Sasa niambie kwa mdomo wako," mama akasema.

"Nikwambie nini?"

"Ambalo hujawahi kuniambia. Kukaa umeniambia vya kutosha."

Nyemo alielewa. Katika nyumba aliyolelewa, mtoto hamwamrishi mama yake. Humwomba, humzungukia, humwekea maneno laini chini ya miguu. "Mama, naomba, kama utaweza, kama hujisikii vibaya..."

"Huyo ni mjukuu tena. Simtaki."

Ulimi wa Nyemo ulikuwa mzito, naye alijisikia mkosaji kwa hili pia, pengine kuliko kwa yale mengine yote. "Simama, mama."

Mama Damari alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja, halafu mwingine. Alishika maegemeo mawili. Akajisukuma. Mapaja yalitetemeka chini ya gauni, shingo ikakaza mishipa, na mwili ukainuka kutoka kwenye kiti, ukafika nusu, ukasimama hapo. Mkono wa Nyemo ulikuwa umeshanyooka wenyewe.

"Ondoa mkono."

Aliuondoa. Aliukalia. Mama alibaki pale katikati, akihema, akipigania kipande kidogo tu kilichobaki, na binti yake akimtazama bila kumsaidia. Kisha magoti yakakataa, akaanguka kitini kwa kishindo.

"Nimechelewa," Nyemo akasema. "Nisamehe, mama. Nimechelewa."

Mama alikuwa akijifuta jasho usoni kwa kiganja, pumzi zikija kwa shida, macho yakiwa makali kuliko Nyemo alivyoyaona kwa mwaka mzima. Alizirudisha nyayo zake sawasawa juu ya zulia, akashika tena maegemeo.

"Sema tena," akasema.